Mama Mitungi, Aliyetaka Hospitali Zote Zikaguliwe Siku Moja

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, wenzake wa kazini, na nyinyi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, familia imemteua kitindamimba wa marehemu awasomee maisha ya mama yake, si kwa sababu ndiye aliyesoma kuliko wengine, maana shule aliipa kisogo akiwa kidato cha pili na shule nayo haikumfuata, bali kwa sababu sauti yake inafika hadi barabarani bila kipaza sauti, jambo ambalo hata dada yake, aliyetamani kusoma yeye, hana la kulipinga.

Jina kamili la marehemu mnalo kwenye karatasi mlizogawiwa mlangoni, lakini wizarani, mtaani na mpaka kwa kinyozi wa pale kona alijulikana kama Mama Mitungi, jina alilolipokea kwanza kwa kununa, baadaye kwa kuzoea, na mwishowe akawa analitumia mwenyewe kwenye simu, "Haloo, Mama Mitungi hapa, msikate," kwa kuwa alishajua kwamba wengi wakisikia jina hilo walikuwa wanakata.

Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa baba fundi cherehani na mama aliyekuwa akishona vifungo na kupiga pasi nguo ambazo mumewe amezimaliza, akafuatiwa na mdogo wake mmoja wa kiume, mjomba wetu, ambaye tutamfikia. Bibi yetu, alipokuwa hai, hakuchoka kusimulia siku walipotembelewa na wageni wa heshima, akakimbilia kwa jirani kuazima vikombe vyenye maua, akapanga meza vizuri kabisa, na wageni walipokuwa wanasifia vikombe hivyo binti yake, ambaye meno ya mbele yalikuwa yameng'oka na mapya hayajaota, akawaambia, "Malizeni haraka, vya jirani hivyo, naye anasubiri wageni wake." Alizabwa kofi ambalo Bibi alisema lilimuuma mpigaji kuliko mpigwa, na tangu hapo pale nyumbani kitu chochote cha kuonyesha watu ambacho si chako kikawa kinaitwa vikombe vya jirani, neno ambalo marehemu alilibeba mpaka wizarani, na huko ndiko lilikomletea matatizo.

Alianza shule ya msingi Januari 1969, akamaliza sekondari mwaka 1981, akahitimu udaktari tarehe 28 Novemba 1987, na miaka kadhaa baadaye akaenda ng'ambo kusomea jinsi maradhi yanavyosambaa, yaani mtu mmoja akikohoa kwenye foleni ya benki leo, ni nani atakuwa kitandani wiki ijayo, na vitanda hivyo viko wapi. Babu alimwandikia akimwuliza kama kuna darasa lolote analopanga kuwabakizia watoto wa wenzake, naye akajibu kwamba analibakiza moja kwa ajili ya mwanawe wa mwisho, na kweli alilibakiza, na mwanawe huyo hajaligusa mpaka leo, anatengeneza pikipiki, na hakuna pikipiki iliyowahi kutoka mikononi mwake ikarudi na ugonjwa uleule.

Kazi ya udaktari aliianzia hospitali ya wilaya, kwenye wodi ya wanaume, na humo wodini ndimo alimolazwa mwalimu mmoja wa hesabu mwenye homa kali, ambaye alipona vizuri, akaruhusiwa, na bado akawa anarudi kila Ijumaa akidai kichwa kinagonga, mpaka daktari akamwambia mbele ya wauguzi, "Mwalimu, dawa ya ugonjwa wako haipo kwenye stoo yetu, nenda ukaiulize kwa wazazi wangu." Alikwenda, wakafunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988, na mwalimu huyo ndiye Baba yetu, aliyekaa hapo mbele akiwa amevaa koti la siku ile ile, limembana mabegani, tumemwambia, hasikii. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1990, ambaye ni muuguzi na ana mdomo wa mama yake, na mvulana aliyezaliwa tarehe 22 Julai 1997, ambaye ana kila kitu kingine.

Mwaka 2001 marehemu alihamishiwa wizarani, kitengo cha kujiandaa na magonjwa ya mlipuko, akapewa chumba mwishoni mwa korido baada ya stoo ya mafagio, chumba chenye dirisha lisilofunga, kabati lisilofunguka, na ramani ukutani iliyopaukia upande wa jua. Pamoja naye walikuwa wataalamu watano humo wakati anafika, watu wanaojua kazi, wakaandika mpango mzuri, wakaonya kwamba ugonjwa wa kifua wa kuambukiza utakuja, iwe mwakani au baada ya miaka kumi, na kwamba siku utakapokuja kitakachoamua nani aishi na nani afe ni mtungi wa oksijeni kuwepo au kutokuwepo. Mpango ukapongezwa, ukapigwa mihuri, ukawekwa kabatini, na tumeshawaambia kuhusu kabati lenyewe.

Kitu kimoja tu katika mpango ule ndicho kilichotekelezwa, nacho ni ukaguzi wa utayari, ambapo kila mwaka wakaguzi walizunguka hospitali kwa hospitali, barua ikiwa imetangulia ili watu wajiandae, Jumatatu huku, Jumatano kule, wakihesabu vitanda, gauni za kujikinga na mitungi, na hospitali iliyotimiza ikapewa cheti cha kutundika ukutani. Zote zilitimiza, mwaka baada ya mwaka, na marehemu, aliyekuwa mmoja wa wakaguzi, alirudi nyumbani akiwa na furaha mpaka siku alipouona mtungi mmoja wenye bonde ubavuni, kama mtu aliyepigwa ngumi ya mbavu, na mstari wa rangi nyekundu uliochuruzika shingoni, akakumbuka kwamba siku mbili nyuma alikuwa ameuinamia mtungi huo huo katika hospitali nyingine. Walipofika hospitali ya tatu, akaingia stoo, akaukuta umesimama mstari wa mbele, akaupigapiga begani na kusema kwa sauti, "Karibu tena, Msafiri, barabara ilikuwaje?" Wakaguzi wenzake wakaangalia viatu vyao, na mganga mkuu wa pale akacheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa.

Hakuna aliyeficha sana, kwa kweli, maana lori la wizara lenye turubai la kijani ndilo lililokuwa linaibeba mitungi hiyo kutoka kwa aliyekwisha kukaguliwa kwenda kwa anayesubiri, na waganga wakuu waliliona jambo lenyewe kuwa ni kusaidiana tu, leo kwako kesho kwangu, wala hapakuwa na mtu aliyejiona mwizi. Marehemu naye hakuwaita wezi. Aliandika kwamba nchi nzima inakunywa chai kwenye vikombe vya jirani, na akaomba jambo moja, jepesi kabisa, kwamba hospitali zote zikaguliwe siku moja na wakati mmoja, ili mtungi mmoja usionekane mara tatu.

Mkurugenzi wake alimwambia, "Mama, wakaguzi wa kwenda kote kwa mpigo tutawatoa wapi? Magari je?" Akajibu kwamba simu zipo, kila hospitali ipige picha stoo yake asubuhi ya siku ambayo haijatangazwa, kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Mkurugenzi akamwangalia kwa huruma, akasema, "Unataka tuwaaibishe wenzetu?" Tangu siku hiyo hoja yake ikawa inawekwa kwenye ajenda ya mwisho ya kila kikao, ile inayoitwa mengineyo, na mengineyo yakifika watu wanakuwa wameshafunga mikoba, mwenyekiti anatazama saa, na mhudumu ameshaanza kukusanya chupa za maji. Mawaziri walikuja na kuondoka, kila mmoja akamwambia ampe muda asome, na kila alipomaliza kusoma akahamishwa. Wale wenzake wanne wa chumba cha mwisho wakatawanyika mmojammoja, huyu akapata kazi nje, yule akapelekwa kusimamia upuliziaji wa dawa ya mbu mabwawani, akabaki yeye na ramani. Kama mliwahi kumpigia simu akaanza moja kwa moja na habari za mitungi bila hata salamu, msimwekee kinyongo, alikuwa anaogopa mtakata kabla hajafika kwenye hoja.

Hapo nyumbani alichoka mbele ya macho yetu. Alikuwa anavua viatu mlangoni, anakaa bila kuwasha taa ya sebuleni, Baba anamwuliza, "Leo vipi?" naye anasema, "Mengineyo," na hilo lilikuwa jibu kamili, hapakuhitajika lingine. Mwanawe wa mwisho alimshauri mara nyingi aachane nao, akamwambia, "Mama, hawa watu wana pamba masikioni, na pamba yenyewe wameazima," akacheka mpaka akapaliwa, na kesho yake akaamka, akaoga, akaenda tena.

Alistaafu tarehe 9 Agosti 2022, akapewa saa ya ukutani na hotuba, na hakuwa amemaliza kuizoea saa hiyo ugonjwa ule tuliouita Kifua ulipoingia. Kifua hakikutanguliza barua, wala hakikwenda hospitali moja moja kwa zamu, kilifika kote wiki ile ile, na kila mganga mkuu akanyanyua simu kumpigia mwenzake aazime mitungi, na simu zote zikawa zinatumika, kwa kuwa kila mmoja alikuwa anampigia mwenzake. Lori lilikuwa moja. Wizara ikakumbuka kwamba kuna mama mmoja ana mitungi yote kichwani, wakamfuata nyumbani kwa gari lenye bendera, wakamrudisha kwenye chumba chake cha mwisho, wakampa kazi ya kuamua lori liende wapi.

Ndipo tunapomfikia mjomba wetu, fundi redio, mdogo wake wa pekee, ambaye alilazwa hospitali ya kule alikohamia na kumpigia dada yake akiwa bado anaweza kuongea, akamwambia, "Dada, hapa ukutani mbele yangu kuna cheti chenu cha utayari, kimewekewa fremu nzuri kweli, ila hewa hakuna." Marehemu alikuwa na lori moja lililojaa na hospitali mbili zinalililia, hii ya mdogo wake, na nyingine yenye wagonjwa wengi zaidi, akalipeleka kwenye wagonjwa wengi. Mjomba alifariki jioni ile. Marehemu hakulizungumzia hilo na mtu yeyote, si Baba, si sisi, ila kuanzia hapo ukimpa chai kwenye kikombe chenye maua alikuwa anakirudisha na kuomba bilauri.

Kifua kilipotulia iliundwa tume, ikakaa ukumbini kwa miezi, ikamwita atoe maelezo, naye akatoa yale yale ya siku zote, safari hii wakamsikiliza, wakaandika, na pendekezo lake la kukagua siku moja likawekwa kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti, likapokewa kwa mikono miwili na kupigiwa makofi. Alirudi nyumbani akawasha taa. Mwaka uliofuata ukaguzi ulifanyika hospitali kwa hospitali kama zamani, kwa muda tu, tukaambiwa, mpaka mipango ikamilike, na lori likabadilishiwa turubai.

Yeye mwenyewe alikuwa ameugua Kifua humo humo chumbani kwake wizarani, akapona nusu, mapafu hayakurudi kama yalivyokuwa, na mtu aliyezoea kuongea aya nzima akawa anaongea mstari mmoja, anapumzika, anaongea mwingine. Mwaka huu hali ilizidi, akalazwa tarehe 4 Mei katika hospitali ya wilaya, ile ile aliyoanzia kazi, na alipofumbua macho baada ya kuwekewa hewa aligeuza shingo, akautazama mtungi ulio kando ya kitanda chake, akaona bonde ubavuni na rangi nyekundu shingoni. Alimwuliza muuguzi wa zamu, "Huyu amekuja kwa ajili yangu, au kwa ajili ya ukaguzi?" Muuguzi yule, binti mchangamfu asiyejua anaongea na nani, akasema, "Kwa ajili yako, Mama, sisi tulishakaguliwa. Ukaguzi wa wenzetu jirani ndio Alhamisi."

Jumatano baada ya chakula cha mchana wakaja wahudumu wawili na toroli, wakiwa na adabu zao zote, wakasema mtungi huu unaazimwa tu, Ijumaa unarudi, na kwa sasa mgonjwa ataunganishwa na ule mdogo, ambao ulikuwa unakoroma kama mzee aliyeshiba. Binti wa marehemu aliwauliza kama wamechanganyikiwa, akawauliza kwa maneno ambayo hayafai kusomwa hapa, na kitindamimba hakuuliza kitu, aliukumbatia mtungi kama mtu aliyekutana na nduguye aliyepotea, na mikono iliyozoea kunyanyua injini ikishakumbatia, hakuna wa kuibandua. Mmoja wa wahudumu akasema, "Kaka, sisi tumetumwa tu," akajibiwa, "Hata mimi nimetumwa, na aliyenituma ndiye huyo amelala hapo." Aliyelala pale, nyuma ya barakoa yake ya hewa, mabega yalikuwa yanatikisika, tukadhani anazidiwa, kumbe anacheka. Toroli likaondoka tupu.

Alhamisi hospitali ya jirani ikakaguliwa, ikapungukiwa mtungi mmoja, ikafeli, hospitali ya kwanza kufeli tangu ukaguzi uanze. Muuguzi yule alipoleta habari hizo, marehemu alisogeza barakoa pembeni, akasema, "Hatimaye," akapumzika, akasema, "ripoti moja ya kweli," akapumzika zaidi, kisha akaomba mganga mkuu wa kule asisemwe vibaya, kwa kuwa amekuwa mkweli wa kwanza, hata kama hakupenda. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yenye urefu. Alituacha Jumamosi tarehe 16 Mei, saa nne asubuhi, Baba akiwa amemshika mkono, na mtungi ukiwa bado una hewa, nasi tunalisema hilo wazi ili ijulikane kwamba hakuondoka kwa kukosa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wakiwemo wahudumu wawili wa toroli, ambao wapo hapa na tumeshasameheana. Tunawashukuru majirani waliopika, waliofagia, na waliovumilia pikipiki za wateja kurundikwa uani kwao wiki nzima. Tunamshukuru kinyozi wa kona kwa kumnyoa Baba leo asubuhi bila kumwuliza maswali. Tunawashukuru wenzake wa kazini, tena kwa namna ya pekee, kwa kuwa katika maisha yake yote marehemu aliomba mkusanyike kwa jambo moja, siku moja, na hakuwahi kufanikiwa hata kwa nusu yenu, lakini leo, tukiangalia kuanzia safu ya mbele, tunamwona mkurugenzi, tunawaona wakaguzi, tunawaona waganga wakuu wa hospitali zote bila hata mmoja kukosekana, mmependeza, na kila mmoja ana simu mfukoni.

Tunaishukuru wizara pia kwa msaada wa viti mlivyokalia. Vililetwa na lori la turubai, ambalo limeegeshwa pale nje ya uzio tangu asubuhi, dereva wake tumempa chakula na ufunguo wake anao Baba, ndani ya koti. Kwa hiyo mitungi yote ya nchi hii, wakati huu tunapoongea, imesimama pale inapostahili kusimama, na haiendi popote mpaka mazishi yaishe. Familia haiombi rambirambi nyingine. Inaomba kila mganga mkuu apige simu kwake sasa hivi, mtu aingie stoo, apige picha ya kilichopo, aitume kwa mkurugenzi aliyekaa hapo hapo karibu yenu, na msomaji atanyamaza mpaka mmalize, ingawa wanaomfahamu wanajua kwamba kunyamaza si kipaji chake.

Mama, wanapiga. Umechoka vya kutosha, sasa lala, na amani uliyowatakia wengine ili wapumue, nayo iwe yako.